Hoteli ambazo wasafiri hawazisahau: mwekezaji mdogo ajifunze nini?

Na Mwandishi Wetu

NYANYA ikibaki sokoni jioni, kesho yake utaiuza kwa bei ya kutupa na angalau utarudisha nauli ya tenga. Kitanda cha hoteli hakina kesho. Usiku wa leo ukipita kikiwa kitupu, usiku huo haurudi tena, wala huwezi kuuweka stoo ukingoje bei ipande. Katika bidhaa zote zinazotajwa katika ukurasa huu, kuanzia mchele hadi karafuu, hakuna inayooza upesi kama kitanda.

Hata hivyo kila mwaka wapo wafanyabiashara wanaochukua faida ya misimu miwili mitatu na kujenga nyumba ya kulala wageni. Wapo pia wenye akiba wanaomuulizia dalali wao hisa za kampuni za hoteli. Wote huanza na maswali yale yale: vyumba vingapi, bei gani kwa usiku, na ni umbali gani kutoka stendi au uwanja wa ndege?

Maswali hayo ni ya lazima. Lakini lipo moja ambalo mara nyingi halijibiwi mpaka mkopo wa benki umekwisha kuchukuliwa, nalo ni hili: mgeni akishafunga sanduku lake na kuondoka, atakumbuka nini? Wiki hii tumeona vema tuwapitishe wasomaji katika baadhi ya hoteli zinazosimuliwa na wasafiri miaka na miaka, tutazame zinauza nini hasa, na kama bidhaa hiyo inapatikana pia kwa mwenye mtaji mdogo.

MTI WA NYERI

Tuanze karibu. Mwaka 1932, katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, Kenya, Eric Sherbrooke Walker alijenga nyumba ya mbao juu ya mti wa mugumo. Ilikuwa na vyumba viwili tu. Chini yake palikuwa na bwawa na udongo wa chumvi, na usiku tembo na vifaru walikuja kunywa maji na kulamba chumvi huku wageni wakiwatazama kutoka juu. Nyumba hiyo iliitwa Treetops.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alilala hapo pamoja na mumewe. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki dunia huko kwao. Binti alipanda mti akiwa mrithi na kushuka akiwa malkia, ingawa habari yenyewe aliipata baadaye siku hiyo, alipokuwa amekwisha kurudi Sagana.

Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza nyumba ile. Mwaka 1957 ilijengwa nyingine kubwa zaidi, ng'ambo ya bwawa. Kwa miongo mingi baada ya hapo watalii walilipa fedha nyingi kulala katika vyumba vidogo ambavyo mjini pengine wangevilalamikia. Walichokuwa wakinunua ni tembo wa usiku na kisa cha mti. Kitanda kilikuwa nyongeza.

Lakini mwekezaji asome mpaka mwisho. Janga la UVIKO-19 lilipokata safari za watalii, hata Treetops yenye historia yote hiyo ilifunga milango. Sifa huleta wageni pale barabara inapokuwa wazi. Barabara ikifungwa, sifa hailipi umeme wala mishahara.

WANAOUZA BARIDI, WANAOUZA BAHARI

Kaskazini kabisa mwa Sweden kuna kijiji kiitwacho Jukkasjärvi. Wakati wa baridi jua halionekani kwa majuma kadhaa, na mtu wa kawaida angesema hapo hapana biashara. Yngve Bergqvist aliona vingine. Kuanzia mwaka 1989 alianza kukaribisha wasanii wa kuchonga barafu, na wageni wachache wakaomba kulala ndani ya jumba la barafu lililojengwa kwa maonyesho. Walilala juu ya ngozi za paa wa kule kaskazini, ndani ya mifuko ya kulalia. Asubuhi walitoka wakisimulia.

Tangu hapo hoteli hiyo, Icehotel, hujengwa upya kila msimu kwa barafu inayokatwa kutoka mto Torne, na ikifika majira ya joto huyeyuka na kurudi mtoni. Ndani joto huwa nyuzi chache chini ya sifuri. Mwaka 2016 liliongezwa jengo linalodumu mwaka mzima, likipozwa kwa nishati ya jua. Kijiji kilichukua kile kile kilichokuwa kinawafukuza watu, yaani baridi, na kukiuza.

Huku kwetu, kisiwani Pemba, ipo hoteli yenye chumba kinachoelea baharini, ambacho sehemu yake ya kulala iko mita 4 hivi chini ya maji. Kilianza kupokea wageni mwaka 2013, na fundi wake alitoka huko huko Sweden. Mgeni hulala huku samaki wakipita dirishani. Na jijini Nairobi ipo Giraffe Manor, nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1932, ambako asubuhi twiga hupenyeza shingo dirishani na kula kutoka mkononi mwa mgeni anayekunywa chai. Ina vyumba 12 tu, na bei yake kwa usiku ni ya watu wachache sana duniani.

Msomaji atasema: hao wamepewa na Mungu tembo, twiga, barafu na bahari. Mimi nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 nyuma ya stendi. Nitauza nini?

Hoja hiyo ni ya haki. Kwa sababu hiyo mifano inayofuata haina mnyama wala mandhari.

SIMU NYEKUNDU

Mjini Los Angeles, Marekani, kuna hoteli iitwayo Magic Castle. Jina linasema kasri, lakini jengo ni la fleti za kupangisha za miaka ya 1950, lililopakwa rangi ya manjano. Bwawa lake la kuogelea ni dogo na vyumba vyake ni vya kawaida. Hata hivyo kwa miaka mingi wageni wameipanga miongoni mwa hoteli bora kabisa za jiji hilo lenye hoteli za fahari tele.

Karibu na bwawa kuna simu nyekundu ukutani. Mtoto akiinua mkono wa simu hiyo na kusema anataka lambalamba, baada ya dakika chache mhudumu hutokea amevaa glovu nyeupe, amebeba sinia la fedha lenye lambalamba za rangi mbalimbali. Hakuna bili. Nguo za mgeni nazo hufuliwa bila malipo na kurudishwa zimekunjwa na kufungwa vizuri.

Mfanyabiashara apige hesabu. Lambalamba inagharimu kiasi gani? Na ujenzi wa ghorofa moja zaidi unagharimu kiasi gani? Watoto wakirudi nyumbani hawasimulii unene wa godoro. Wanasimulia simu nyekundu, na mwaka unaofuata ndio wanaowaambia wazazi wapi pa kufikia.

Kisa kingine ni cha mwaka 2012. Familia moja ilikaa katika hoteli ya Ritz-Carlton huko Amelia Island, Florida, na iliporudi nyumbani ikagundua kwamba mtoto amesahau mwanasesere wake, twiga wa kitambaa. Mtoto hakulala. Baba alimtuliza kwa kumwambia kwamba twiga ameamua kubaki likizoni siku chache zaidi. Wafanyakazi wa hoteli walipompata twiga, baba aliwaomba wampige picha moja kando ya bwawa ili uongo wake usimuumbue.

Twiga alirudi kwa posta akiwa na picha nyingi. Alikuwa amelala kando ya bwawa, amekandwa mwili huku vipande vya tango vikiwa machoni, na ameketi mbele ya runinga za walinzi akiwa na kitambulisho cha mfanyakazi. Baba, ambaye ni mfanyabiashara, alikiandika kisa hicho na kikasambaa duniani kote. Kampuni haikulipa senti moja ya tangazo.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Ritz-Carlton inajulikana kwa utaratibu wake wa kumruhusu kila mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 za Marekani kwa ajili ya mgeni mmoja ili kumaliza tatizo lake, bila kwanza kwenda kumwomba meneja ruhusa. Ni mara chache fedha nyingi kiasi hicho hutumika. Kinachofanya kazi ni kwamba mhudumu anajua ameaminiwa. Kampuni hiyo ilipata tuzo ya taifa ya ubora ya Malcolm Baldrige mwaka 1992, na tena mwaka 1999.

USIKU WA BOMBAY

Wafanyabiashara wetu wengi wanaufahamu mji wa Bombay, ambao leo unaitwa Mumbai, ama kwa biashara ama kwa kupeleka wagonjwa. Wamepita mbele ya Taj Mahal Palace, hoteli iliyofunguliwa na Jamsetji Tata mwaka 1903 ikitazama bahari.

Tarehe 26 Novemba 2008 watu wenye silaha waliivamia hoteli hiyo na kuua wageni na wafanyakazi. Mapigano yalikwenda hadi tarehe 29. Wahudumu walijua njia za jikoni na milango ya nyuma, na wengi wangeweza kukimbia dakika za mwanzo. Walibaki. Waliwaongoza wageni gizani, wakapanga mstari wa miili yao kati ya wageni na risasi, na kati ya wageni 1,200 na 1,500 walitoka salama. Wafanyakazi 11 walikufa wakiwaokoa. Meneja mkuu alipoteza mkewe na watoto wake wawili katika moto huo huo, naye akaendelea kusimamia uokoaji.

Wasomi wa Harvard walikwenda kuchunguza kwa nini walibaki, na waliandika matokeo yao mwaka 2011. Waligundua mambo ambayo mwenye gesti ya vyumba kumi anaweza kuyaelewa. Hoteli hiyo ilipendelea kuajiri vijana kutoka miji midogo, ikitazama kwanza kama wana heshima kwa wakubwa na uchangamfu. Iliwafundisha kwa miezi 18, wakati hoteli nyingine zikitumia 12. Na iliwafundisha kuusimamia upande wa mgeni hata pale unapopingana na upande wa kampuni.

Jengo la zamani lilifunguliwa tena tarehe 15 Agosti 2010, na wageni walirudi. Kampuni inayomiliki hoteli hiyo inauza hisa zake katika soko la Bombay. Lakini hakuna ukurasa wa mizania yake unaoonyesha thamani ya wale waliobaki.

NDOO YA MAKAMBAKO

Sasa turudi nyumbani. Mwandishi wa makala hii alipata kusafiri kutoka Tunduma akiwa na wafanyabiashara wa nguo. Basi liliharibika, na tulifika Makambako saa tisa usiku, mwezi Julai, na aliyepata kufika Makambako mwezi Julai anajua baridi tunayoisema. Nyumba mbili za wageni tulizogonga hazikufungua. Ya tatu ilikuwa na ukuta usiopakwa rangi na taa moja ya kibarazani. Mama mwenye nyumba aliamka mwenyewe.

Hakutuuliza fedha kwanza. Aliwasha mkaa, akatupa kila mmoja ndoo ya maji moto, kisha chai ya tangawizi. Asubuhi, akiandika majina katika daftari la wageni, aliuliza kila mtu anapita lini tena, na pembeni ya jina langu akaandika kitu.

Baada ya miezi minne nilipita tena. Nilipotaja jina, alifungua daftari la zamani, akatabasamu. "Karibu baba," alisema, "ile chai yako ya rangi naileta sasa hivi."

Nimelala katika hoteli zenye marumaru ambazo leo siwezi kukumbuka hata rangi ya pazia. Nyumba ile ya Makambako siisahau, na wale wafanyabiashara wa nguo hadi leo hawalali pengine. Mgeni huikumbuka nyumba iliyomkumbuka yeye. Ukitazama visa vya juu utaona ndivyo vilivyo: mtoto alikumbukwa twiga wake, na wageni wa Bombay walikumbukwa wakati kila mtu alikuwa na sababu ya kuokoa roho yake.

HESABU YA WAGENI WAWILI

Pengine msomaji anasema hayo ni maneno matamu, lakini benki haipokei kumbukumbu. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba 10, kila kimoja Sh. 20,000 kwa usiku. Gharama zisizobadilika kwa mwezi, yaani mishahara, mlinzi, kodi, leseni na mkopo, tuseme ni Sh. 1,840,000. Kila chumba kinacholaliwa kinaongeza Sh. 3,000 za sabuni, maji, umeme na chai.

Vyumba vinne vikilaliwa kila usiku, kwa mwezi wa siku 30 ni usiku 120. Mapato ni Sh. 2,400,000, gharama Sh. 2,200,000, na faida Sh. 200,000. Ni faida nyembamba, ya kukatisha tamaa.

Ongeza wageni wawili tu kila usiku, viwe vyumba sita. Mapato yanakuwa Sh. 3,600,000, gharama Sh. 2,380,000, na faida Sh. 1,220,000. Faida imezidi mara sita, na hujajenga hata chumba kimoja.

Sasa punguza mgeni mmoja kutoka wale wanne. Vyumba vitatu vinaleta Sh. 1,800,000 wakati gharama ni Sh. 2,110,000. Umekula hasara ya Sh. 310,000. Mgeni mmoja aliyekuta shuka chafu au aliyejibiwa vibaya mapokezi, akahamia jirani pamoja na kumbukumbu yake, ndiye aliyekuvusha kutoka faida hadi hasara.

Hiyo ndiyo sababu ndoo ya maji moto ni uwekezaji. Mgeni anayerudi haitaji tangazo, hampi dalali wa stendi kamisheni, na mara nyingi huja na mwenzake.

KWA MNUNUZI WA HISA

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotawala kampuni kubwa. TPS Eastern Africa, yenye hoteli za Serena katika Kenya, Tanzania na Zanzibar, iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1997. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, na watalii wakaogopa. Mwaka 2002 hoteli moja ya Kikambala, pwani ya Kenya, ilishambuliwa. Mapema 2008 ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilitikisa biashara hiyo tena, na mwaka 2020 UVIKO-19 uliiingiza kampuni katika hasara.

Kwa hiyo mwenye kununua hisa za hoteli ajue kwamba ananunua faida inayopanda haraka na kushuka haraka, kwa kuwa mishahara na mikopo hailali hata vitanda vikilala vitupu. Fedha ya ada ya shule ya muhula ujao isiende huko. Fedha inayoweza kungoja miaka kadhaa, na kampuni ambayo wageni wake hurudi mara tu barabara ikifunguka, hayo ni mambo mengine.

KABLA HUJATOA FEDHA

Kwa muhtasari, tunamshauri mwekezaji, awe wa kujenga au wa kununua hisa, afanye yafuatayo:

1. Alale hapo. Hoteli unayotaka kuinunua, au ya jirani utakayeshindana naye, ilale usiku mmoja kwa fedha yako bila kujitambulisha. Omba kitu kidogo kisichokuwamo katika orodha na utazame mhudumu anafanyaje.

2. Aulize wangapi wamerudi. Daftari la wageni lina siri kuliko jengo. Jina linalojirudia mara tatu lina thamani kuliko majina matatu mapya.

3. Atazame wafanyakazi wamekaa muda gani. Anayebadilishwa kila mwezi hawezi kumkumbuka mgeni wa mwaka jana.

4. Ajue nani ana ruhusa ya kutatua tatizo. Kama mhudumu hawezi kumbadilishia mgeni taulo bila kumpigia simu tajiri aliyeko mjini, hapo pana kasoro.

5. Aweke akiba ya miezi mibaya. Msimu wa mvua na mwaka wa balaa huja bila taarifa, nao huziua hata nyumba zenye sifa.

Wazee walisema mgeni aje mwenyeji apone, wakimaanisha kwamba mgeni huja na riziki yake. Katika biashara hii maneno hayo ni ya kitabu cha mapato kabisa, ila kwa sharti moja: mgeni huyo awe na sababu ya kuja mara ya pili. Mwenye kiwanja nyuma ya stendi, kabla hujaagiza marumaru, nunua daftari na jiko la mkaa.